Mwenda Jean-Bosco: gitare ku mukono moja, kazi ku mwingine

Mu kila familia ya Kolwezi kuko kijana mwenye kupenda gitare kuliko masomo. Baba yake, mwenye kushuka kila siku mu kariere, anamuuliza: utakula nini? Lile swali ni la zamani, na mwana wa inchi yetu alilijibu kwa maisha yake yote.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka wa 1930 ku Bunkeya, muji mukubwa wa Bayeke, fasi mwami Msiri alitawala mpaka alipouawa mwaka wa 1891. Leo Bunkeya iko mu provinsi yetu ya Lualaba. Siku zile vijana wengi walikuwa wanaacha mugini na kufuata shaba: Union Minière ilikuwa inaita watu, na miji ilikuwa inakua. Mwenda naye alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo.

Ila yeye hakushuka mu shimo. Alikuwa amesoma, njo maana alipata kazi ya kalani. Mchana kalamu na makaratasi, magaribi gitare. Alikuwa anapiga na vidole viwili tu, kidole gumba na kile kinachofuata, lakini mwenye kumusikia angesema kuko watu wawili: mumoja anapiga besi, mwingine anaimbisha nyuzi za juu.

Mwaka wa 1952 muzungu mumoja, Hugh Tracey, alipita Katanga na mashini ya kukamata sauti. Alikuwa anatoka Afrika ya Kusini, kazi yake kutafuta muziki wa Waafrika. Ku Jadotville alimukuta Mwenda, kijana wa miaka 22, na akakamata wimbo Masanga. Kampani Gallo ya Johannesburg ikatoa sahani, na sahani zikatembea: Rhodesia, Kenya, Uganda, Tanganyika. Miaka iliyofuata Mwenda aliimba nyimbo zaidi ya mia moja kwa ile kampani, mingi mu Kiswahili chetu cha Katanga.

Sasa tufikie ku mambo ya falanga. Siku zile mwimbaji hakukuwa na nguvu mbele ya kampani. Kuko mufano wa Solomon Linda, Muzulu aliyekuwa anatumika mu depo ya Gallo yenyewe. Mwaka wa 1939 aliimba wimbo Mbube, na walimupa shilingi kumi tu. Wimbo ulizunguka dunia muzima, wengine wakatajirika nao, lakini Linda alikufa maskini mwaka wa 1962. Watoto wake walipata mapatano paka mwaka wa 2006. Mu dunia ya namna ile, mutu mwenye kuacha kazi juu ya sahani peke yake alikuwa anajitupa mu maji bila kujua kuogelea.

Mwenda hakujitupa. Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alienda Nairobi. Kule alikuwa na kipindi chake mu redio, na wapiga gitare wa Kenya walikaa karibu na redio wakijaribu kufuata vidole vyake. Ndugu yake Edouard Masengo naye alikuwa kule, na aliimba hata nyimbo za matangazo ya biashara. Redio ilikuwa inalipa, matangazo yalikuwa yanalipa. Hawakuona haya: chakula ya watoto haiulize wimbo unasifu nini.

Kisha Mwenda alirudi Katanga. Alitumika mu ofisi za serkali, mu benki, na mu Gécamines pia. Mu Lubumbashi aliongoza kundi lake la muziki, na karibu na mupaka wa Zambia alifungua hoteli. Mutu mumoja, milango mingi. Wakati Mobutu alikataza majina ya kikristu, mwaka wa 1972, Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, lakini gitare haikubadilika.

Na dunia haikumusahau. Mwaka wa 1969 alipiga ku Newport, mu Marekani, mu festivali kubwa ya muziki wa kienyeji. Mu miaka ya 1980 alienda Ulaya, na mwaka wa 1988 aliingia studio ku Cape Town, Afrika ya Kusini, akapiga tena nyimbo zake. Wazungu wenye elimu walikuwa wameandika juu ya vidole vyake, wakihesabu kila nyuzi. Fikiri kidogo: mutu wa ofisi anayerudi nyumbani magaribi kama siye wote, na kule mbali watu wanajifunza kazi yake kama vile watu wanajifunza hesabu.

Mu mwezi wa tisa 1990 alikufa mu aksida ya motokari ku Zambia. Alikuwa na miaka 60.

Wengine watasema: kama angelipwa vizuri, angepata wakati wa kupiga zaidi. Ni kweli, na ile hasara ni yetu wote, siyo yake peke yake. Lakini hatuwezi kusema kazi iliua muziki wake. Mushahara ulimupa uhuru: mutu asiye na njaa hasaini karatasi ya kwanza wanayomuletea.

Kwa hiyo, wewe baba mwenye kurudi na vumbi la kariere ku viatu, usimuvunjie mutoto gitare. Na wewe kijana, usimucheke baba juu ya mushahara wake. Shika gitare, lakini jifunze pia kazi ya kukulisha. Na siku watakuletea kontra, soma mpaka mustari wa mwisho mbele ya kuweka mukono. Mwenda wa Bunkeya alikuwa kalani: karatasi alizijua.