Mlango ulifungwa giza lilipoingia



Ukifika Mikindani utaonyeshwa nyumba ya kale inayotajwa kwa jina la David Livingstone. Tunamjua kama mmisionari, tabibu na msafiri. Leo tumtazame kama mtoto wa nchi ya baridi, kisha kama baba.

Alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre, Uskoti, kando ya mto Clyde. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Sisi kipupwe cha Juni na Julai kikija na upepo wa kusi, tunajifunika vizuri na kulalamika. Kwao huanguka theluji, na mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi, likazama kabla ya saa 10 alasiri.

Baba yake, mzee Neil, alikuwa mcha Mungu mwenye amri kali: giza likiingia mlango unafungwa, na kila mtoto awe ndani. Mchana ukiwa mfupi hivyo, mchezo wa nje nao ulikuwa mfupi. Jioni moja David alichelewa, akakuta mlango umefungwa. Hakulia wala hakufanya fujo. Alipata kipande cha mkate, akaketi kizingitini tayari kukesha hapo, hadi mama yake alipochungulia nje akamwona.

Akiwa na miaka 9 alipewa zawadi ya Agano Jipya kwa kuisema Zaburi ya 119 bila kitabu, akikosea mara 5 tu. Akiwa na miaka 10 akapelekwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Wakati wa baridi aliingia kazini gizani na kutoka gizani. Siku chache za mapumziko alizitumia kuzurura mashambani na ndugu zake, akikusanya mimea na kutafuta makombe ya kale katika machimbo ya chokaa.

Alipokuwa mtu mzima aliyashukuru malezi yale magumu, kwa kuwa yalimkomaza. Lakini shukrani yake isitufanye tuone ni sawa kumnyima mtoto mchezo, kwa maana yeye mwenyewe alibaki na jeraha jingine. Alipokuwa mmisionari Kolobeng, katika nchi ya Botswana ya leo, alifundisha, alijenga na kutibu mchana kutwa. Jioni alirudi amechoka, hana tena furaha ya kucheza na wanawe. Baadaye alijuta sana kwamba hakuwatengea muda huo.

Majuto hayo yalikuja muda umepita. Machi 1866, alipoona matope na mikoko ya mlango wa Ruvuma havifai kushushia wanyama wake, alikwenda kushukia Mikindani. Mkewe Mary alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1862, na watoto wake walikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Alifariki Mei 1873 bila kuwaona tena.

Nabii Zekaria alipooneshwa Yerusalemu iliyoponywa, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Kwa Mungu, watoto wakicheza nje ni dalili kwamba mji una amani.

Ndugu yangu, najua unatoka kwenye korosho au kwenye nyavu mwili umechoka. Hata kazi ya kanisa inachosha, na Livingstone alichoka katika kazi ya Bwana. Lakini leo, baada ya ibada, mtoto akikuita utazame rede au kombolela, usimwambie kesho. Toka nje, ukae naye kabla jua halijazama. Mlango wa utoto ukifungwa, hakuna mzazi awezaye kuufungua tena.

Jumapili njema.