Norman Gregg: Daktari wa macho aliyewasikiliza kina mama

MWANAMKE anayejiandaa kwa matibabu ya kumsaidia kupata mimba kwa kawaida hupimwa kwanza damu ili ijulikane kama ana kinga dhidi ya rubela. Asipokuwa nayo huchanjwa, kisha husubiri mwezi mmoja kabla ya kuendelea.

Chanzo cha tahadhari hiyo ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman McAlister Gregg.

Gregg alizaliwa Machi 7, 1892 mjini humo. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1915, akaingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Baada ya vita alisomea magonjwa ya macho nchini Uingereza, akarejea nyumbani mwaka 1923.

Mapema mwaka 1941 aliletewa watoto wachanga wengi kupita kawaida wenye mtoto wa jicho, ugonjwa uliozoeleka kwa wazee. Wengi walikuwa wadogo wa umbo, wanyonyaji dhaifu na wenye kasoro za moyo.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kasoro za kuzaliwa hurithiwa. Lakini Gregg alizingatia walichosimulia kina mama: waliugua rubela wakiwa na mimba changa. Aliwauliza madaktari wenzake, na kati ya watoto 78 waliokusanywa, mama wa watoto 68 walikuwa wameugua ugonjwa huo.

Oktoba 15, 1941 alisoma taarifa yake mbele ya madaktari wa macho mjini Melbourne. Haikupokewa kwa urahisi. Rubela ilijulikana kuwa maradhi mepesi ya vipele vya siku chache, na mwaka 1944 jarida la Uingereza, The Lancet, liliona kuwa hajathibitisha hoja yake.

Watafiti wengine wa Australia walimuunga mkono, wakabaini pia uziwi miongoni mwa watoto hao. Mwaka 1951 mtakwimu Oliver Lancaster alionyesha kuwa ongezeko la viziwi nchini humo lilifuatana na milipuko ya rubela. Mwaka 1953 Gregg alipewa hadhi ya Sir.

Alifariki dunia Julai 27, 1966, mara baada ya mlipuko wa 1964 na 1965 uliosababisha watoto wapatao 20,000 nchini Marekani kuzaliwa na madhara ya rubela. Chanjo iliidhinishwa huko mwaka 1969, na hakuiona.

Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo mjamzito hapewi. Nafasi ya kumkinga mtoto ni kabla ya mimba kutungwa, na anayepata matibabu ya uzazi ana fursa ya kujipanga mapema.

Tanzania iliingiza chanjo ya rubela katika ratiba ya watoto mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Wanawake wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 30 hawakuipata utotoni. Baadhi wana kinga kwa kuwa waliwahi kuugua bila hata kujua, wengine hawana. Kipimo cha damu ndicho huwatofautisha, kabla hajawapo mtoto wa kudhurika.