George Dantzig, Mwanahesabu wa Zamu za Marubani

Kila askari aijua zamu, lakini ni wachache wamjuao George Dantzig, aliyeupa upangaji wake njia ya hesabu. Alizaliwa Marekani tarehe 8 Novemba, 1914, mwana wa mwanahesabu.

Ili tuuone uzito wa kazi yake, na tuutazame mwambao wa Nchelenge, katika Ziwa Mweru, nchini Zambia. Tuseme kituo kina vikosi 10 vya mashua na doria 10: moja ya kisiwa cha Kilwa, nyingine ya Isokwe, nyingine ya mpakani mwa Kongo. Njia za kuvigawa ni 3,628,800. Mkuu wa kituo atazipima zote lini? Naye akikisia tu, huenda kikosi kilichokesha kikatumwa tena ziwani usiku, na uchovu huzamisha mashua sawa na dhoruba.

Tatizo la namna hiyo ndilo lililomkabili Dantzig. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia takwimu katika makao makuu ya jeshi la anga, akaona jinsi mipango ya ndege, vifaa na mafunzo ilivyotengenezwa kwa mkono na kwa taabu. Mwaka 1946 alipata udaktari wa falsafa, akarudi jeshini kuwa mshauri wa hesabu. Mwaka 1947 alivumbua njia iitwayo simpleksi. Njia hiyo haipimi kila mpango. Huanza na mmoja unaotimiza masharti yote, kisha huhamia wa jirani ulio bora zaidi, mpaka usipatikane wa kuushinda.

Jaribio kubwa la kwanza lilihusu mlo wa bei nafuu: vyakula 77 na masharti 9. Makarani wenye mashine za mezani walilimaliza kwa kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa siku 120 hivi. Kompyuta zilipoenea, kazi hiyo ikawa nyepesi.

Mwaka 1975 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa Kantorovich wa Urusi na Koopmans, Dantzig aliachwa. Hata hivyo aliendelea na kazi yake katika Chuo Kikuu cha Stanford. Alifariki tarehe 13 Mei, 2005.

Leo hesabu za ukoo huo hupanga marubani wa majeshi na wa abiria. Lakini tusisahau kwamba masharti huandikwa na binadamu. Kiongozi asiyeandika saa za kupumzika miongoni mwa masharti, hesabu haitampumzishia askari wake.