Lavoisier, Aliyeupima Moto kwa Mizani

Antoine Lavoisier alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti, 1743. Babake alikuwa mwanasheria, naye pia alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia.

Mwaka wa 1768 alijiunga na shirika la matajiri waliomkusanyia mfalme ushuru wa chumvi na tumbako. Raia waliwachukia mno watu hao, ila fedha hizo ndizo zilizomnunulia mizani zake za ajabu. Mwaka wa 1771 alimuoa Marie-Anne Paulze, mwenye umri wa miaka 13, binti wa mwenziwe katika shirika hilo. Bibi huyo alimtafsiria vitabu vya Kiingereza na kumchorea vyombo vyake.

Zama hizo wanavyuoni wa Ulaya waliamini kuwa kila kiwakacho kina kitu ndani yake, flojistoni, kitokacho kinapoungua. Na macho yalikubali: gogo zito la kuni hubaki jivu jepesi. Lavoisier hakuyaamini macho. Mwaka wa 1772 alichoma kiberiti upele na fosforasi, akaona uzito umezidi! Kisha akapasha moto bati ndani ya chupa iliyozibwa. Uzito haukubadilika mpaka alipozibua, hewa ya nje ikaingia kwa kasi, uzito ukazidi. Kumbe moto hula hewa.

Hewa ipi? Mnamo Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley, akila naye Paris, alimsimulia hewa aliyoitoa katika unga mwekundu wa zaibaki, ambayo mshumaa huwaka ndani yake kwa nguvu. Lavoisier aliichunguza, akaiita oksijeni. Hakumpa Priestley haki yake ipasavyo, na hilo ni doa.

Basi, msomaji, makaa yakiwaka, kaboni yake huungana na oksijeni, ikawa hewa nyingine. Haidrojeni iliyomo katika mafuta ya taa huwa mvuke wa maji. Hakipotei kitu. Ndiyo sababu seredani ikipepewa huwaka, ikifunikwa huzima. Na makaa yakikosa oksijeni ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Alalaye na seredani katika chumba kilichofungwa huenda asiamke.

Kitabu chake kikuu kilitoka 1789, mwaka ule ule wa Mapinduzi. Watoza ushuru walikamatwa Novemba 1793. Tarehe 8 Mei, 1794, Lavoisier na wenziwe 27, mkwewe akiwamo, walihukumiwa na kukatwa vichwa siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 50. Marie-Anne, aliyefiwa na mume na baba kwa siku moja, baadaye alichapisha maandishi ya mumewe, akaishi mpaka 1836.