DAVID VETTER, MTOTO ALIYEKAA NDANI YA PLASTIKI

Wanafunzi wengi wakiambiwa waandike habari za mtu mashuhuri huchagua mfalme, jemadari au mvumbuzi. Mimi nimemchagua mtoto ambaye hakutawala wala hakuvumbua kitu, naye alikufa akiwa mdogo kuliko ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza. Walakini madaktari wa nchi nyingi wanalijua jina lake.

David Vetter alizaliwa katika mji wa Houston, jimbo la Texas, Marekani, tarehe 21 Septemba 1971. Wazazi wake walikuwa na binti mmoja mwenye afya, kisha walipata mtoto wa kiume aliyefariki akiwa na umri wa miezi saba kwa sababu alizaliwa bila kinga ya mwili. Ugonjwa huo hutoka kwa mama na huwapata watoto wa kiume. Madaktari waliwaeleza wazazi kwamba wakimpata mwana mwingine, ni nusu kwa nusu atakuwa nao. Lakini walikuwa na shauri: mtoto akizaliwa awekwe mahali pasipo na kiini chochote cha maradhi, mpaka apewe uloto wa dada yake, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Basi David alipozaliwa, kabla ya dakika moja kupita alitiwa katika chumba kidogo cha plastiki. Hata maji ya ubatizo wake yalisafishwa kwanza. Ndipo ikajulikana kwamba uloto wa dada yake haupatani na wake, na mambo yaliyotazamiwa kuwa ya muda mfupi yakawa ya miaka kumi na miwili.

Msomaji ajaribu kufikiri maisha hayo. Katika bweni letu mafua yakimpata mmoja siku ya Jumatatu, kufika Ijumaa mstari mzima wa vitanda unakohoa, na juma la pili tumekwisha kusahau. Kwa David mafua hayo yangekuwa mauti. Nguo, vitabu na vitu vya kuchezea vilitiwa kwanza katika hewa yenye sumu ya kuua viini kwa muda wa saa nne, kisha vikangoja siku moja hadi saba ili sumu itoke. Watu walimshika kwa glavu nene zilizofungwa katika ukuta wa plastiki, na mashine za kusukuma hewa zilinguruma mchana na usiku. Alipokuwa na umri wa miaka minne aliiona sindano iliyosahauliwa mle ndani, akautoboa ukuta matundu. Hapo ndipo wakubwa walipomweleza viini ni nini, na kwa nini hawezi kutoka.

Mwaka 1977 wataalamu wa NASA, wale wapelekao watu angani, walimshonea vazi maalumu lililogharimu dola 50,000 hivi. Siku alipolivaa, mama yake alimpakata kwa mara ya kwanza. Alilitumia mara saba tu, likawa dogo.

Wako waliosema kwamba haikuwa haki kumlea mtoto namna hii. Mimi nimelifikiri sana jambo hilo. Siwalaumu wazazi, kwa maana walikuwa wamekwisha kumzika mmoja. Lakini naona madaktari walifungua mlango wa kuingia kabla ya kujua mlango wa kutokea uko wapi.

Mwaka 1983 mlango ulionekana. Ilikuwa imepatikana njia ya kuusafisha uloto usiopatana kwa kuziondoa chembe za T, ambazo ndizo askari wa damu, ili zisimshambulie mgonjwa. Tarehe 21 Oktoba David alipewa uloto wa dada yake. Wote walingoja kwa matumaini. Baada ya miezi michache akaugua kwa mara ya kwanza maishani mwake: homa, kutapika, na damu kutoka matumboni. Tarehe 7 Februari 1984 alitolewa katika plastiki ili atibiwe. Mama yake akamgusa ngozi kwa ngozi. Siku kumi na tano baadaye, tarehe 22 Februari, akafariki.

Walipompasua waliona uvimbe wa saratani mahali pengi mwilini, na ndani yake virusi vya Epstein-Barr. Navyo vilikuja pamoja na uloto, wala havikutambuliwa. Katika damu ya dada yake vilikuwa vimelala tu, kama vinavyolala katika watu wazima zaidi ya tisa kwa kumi duniani, kwa sababu chembe za T huvilinda visiamke. David hakuwa na mlinzi. Virusi vikaziamsha chembe za B, zikazaana bila kikomo.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Virusi hivyo vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1964 mjini London, na Epstein na wenzake Achong na Barr, katika uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Uvimbe huo ulikuwa umeelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala.

Mwaka ule ule wa kifo cha David, Thomas Starzl na wenzake waliandika habari za wagonjwa waliopandikizwa figo, moyo au ini wakapatwa na uvimbe wa namna hiyo. Mtu aliyepewa figo ya mwingine hunywa dawa za kuzidhoofisha chembe za T, zisije zikaikataa figo. Kumbe askari hao ndio wanaovilinda virusi. Dawa zilipopunguzwa, uvimbe wa baadhi yao ulinywea. Kwa hiyo daktari hupita katika njia nyembamba: akizidisha dawa virusi huamka, akizipunguza mno figo hupotea. Hapa Tanzania Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na wagonjwa wake wamo katika njia hiyo hiyo. Siku hizi hospitali nyingi hupima virusi katika damu ya mgonjwa kabla uvimbe haujaonekana. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya waliopewa uloto wamepona kwa kupewa chembe nyeupe za yule yule aliyewatolea uloto.

Kasoro ya urithi iliyomnyima David kinga ilijulikana mwaka 1993, na tangu 2018 majimbo yote ya Marekani huwapima watoto wachanga kuitafuta. Yeye amezikwa Conroe, Texas, na shule ya msingi ya upande huo imepewa jina lake.