Bibi Monica Wilson na Sherehe za Wanyakyusa

Watu wasiozijua sherehe za wazee wao hawawezi kuzitunza zilizo njema wala kuziacha zilizo mbaya kwa akili. Jambo hili latuhusu Wakristo sote, na hasa ndugu zetu wa Njisi na wa Kyela yote, kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa desturi za kwao ziliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mmoja wa walioziandika alikuwa mwanamke mgeni, Bibi Monica Wilson. Yafaa maisha yake yajulikane nyumbani mwetu.

Alizaliwa mwaka 1908 huko Lovedale, Afrika ya Kusini, katika jamaa ya Hunter. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kiprotestanti, naye alikulia kati ya Waxhosa. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwanza historia, kisha elimu ya mila za watu. Mwaka 1935 aliolewa na Bwana Godfrey Wilson, mtaalamu wa elimu hiyo hiyo, ambaye alikuwa ameanza kazi yake Unyakyusa mwaka uliotangulia. Bibi akamfuata, nao wakafanya kazi huko mpaka mwaka 1938.

Hawakukaa mbali na watu. Walijifunza Kinyakyusa, wakahudhuria mazishi na harusi, wakawasikiliza wazee, wapagani na Wakristo pia. Tena hawakufanya kazi peke yao: walisaidiwa na wenyeji, miongoni mwao karani wao Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa, ambaye jina lake halifai kusahauliwa.

Mambo waliyoyaona yaliwashangaza wataalamu wa nchi nyingi. Wanyakyusa walijenga vijiji vyao kwa marika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi hivi, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala na wenzake katika vibanda walivyojijengea. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima kutoka nyumba moja hata nyingine. Walipooa, kijiji kile kikawa chao. Wazee walisema kwamba heshima ndiyo ilitaka hivyo, hasa ile kati ya mkwe mume na mke wa mwanawe, ambao hawakupaswa kukutana.

Sherehe kubwa kuliko zote ilikuwa ya kuwatoa vijana, iliyoitwa ubusoka, nayo ilifanywa mara moja tu katika kila kizazi. Hapo mkuu mzee alianza kuachia utawala, nchi ikagawanywa kati ya wana wake wakubwa wawili, na vijana wakapokea kazi ya kuilinda. Moto wa zamani ulizimwa katika nyumba, na moto mpya ukawashwa kwa kupekecha. Kadhalika mazishi yalikuwa na ngoma: wanaume walicheza wakishika mikuki, wanawake wakalia, ng'ombe wakachinjwa, na jamaa za mbali na karibu zikakusanyika.

Neno moja la Kinyakyusa lilimvuta Bibi Monica kupita yote, nalo ni ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Katika maneno na adabu za marafiki ndipo kijana alipopata hekima. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Lakini Bibi huyu hakuficha upande wa giza. Alieleza jinsi hofu ya uchawi ilivyokaa katika vijiji vile vile vya urafiki, na jinsi jamaa walivyoamini kwamba asiyefanyiwa mizimu ya msiba sawasawa angepatwa na wazimu. Wakristo wa kwanza waliokataa mizimu hiyo walishindana na hofu ya ndugu zao wenyewe. Ushujaa wao haukuwa mdogo.

Bwana Godfrey alifariki mwaka 1944, akimwachia mkewe wana wawili wadogo na maandishi mengi yasiyomalizika. Bibi hakukata tamaa. Alilea watoto, akafundisha, na tangu mwaka 1952 hata 1973 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1955 alirudi Unyakyusa kuona yaliyobadilika. Kitabu cha vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951, cha mila za ukoo mwaka 1957, na cha mila za nchi nzima mwaka 1959. Alifariki mwaka 1982.

Vijiji vya marika vimekwisha, na ubusoka haufanywi tena kama zamani. Je, tuseme kwamba yote yamekufa? La. Mtaguso Mkuu wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Kanisa huyapima kwa wema mambo ya kila taifa yasiyofungamana na ushirikina, na hata kuyapokea. Ukwangala ni jambo la namna hiyo. Hofu ya uchawi siyo.

Basi, wazazi wapenzi, msingoje mtoto wenu ayasome mambo ya babu yake katika kitabu cha mgeni, tena kwa lugha ya mgeni. Mpelekeni kwa wazee wangali hai, aulize na kusikiliza, kama Bibi Monica alivyouliza. Na panapokuwa na msiba jirani, tusiwaachie wafiwa mzigo wa kutulisha hata waingie deni. Twende na chakula mikononi, tukae nao, tusali nao. Hivyo ndivyo ukwangala wa wazee utakavyoweza kuwa upendo wa Kikristo.