Jaji Cornelius wa Lahore

Reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Wenye kuijenga wengi walikuwa Wahindi, wapata 32,000, na katika hao wengi walitoka jimbo la Punjab, ambalo mji wake mkuu zamani hizo ulikuwa Lahore. Kazi ilipokwisha, walio wengi walirudi kwao, wachache wakakaa. Wakaja na wengine, makarani, mafundi na wenye maduka, wakaenea katika miji ya nchi zetu hata kufika Babati. Mchezo walioupenda kupita michezo yote ni kriketi, waliojifunza kwa Waingereza. Katika Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Unguja walicheza juu ya mkeka uliosukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, maana ardhi yetu ni ngumu na mpira huruka ovyo.

Mtoto wa Sigino aliyezoea mpira wa miguu huenda akacheka akiuona mchezo huu mara ya kwanza, kwa kuwa waweza kudumu siku tano na usiwe na mshindi. Lakini si mgumu kufahamu. Vijiti vitatu husimamishwa chini. Mbele yake husimama mtu mwenye gongo pana la mbao, na mwenziwe wa upande wa pili hutupa mpira mgumu ili aviangushe vijiti. Yule mwenye gongo akiupiga mpira ukaenda mbali, hukimbia kubadilishana mahali na mwenzake, na kila wakifika huhesabiwa mbio moja. Upande wenye mbio nyingi hushinda. Juu ya wote yuko mwamuzi. Akiinua kidole chake, mpigaji hutoka, ajapokuwa mtoto wa mfalme.

Mtu tunayesimulia habari zake hakupata sifa kwa kupiga mpira. Alikuwa mwanasheria, na sifa yake ni ya uamuzi. Jina lake ni Alvin Robert Cornelius. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1903 katika mji wa Agra, Bara Hindi, katika jamaa ya Wakristo wa nchi ile, ambao ni wachache sana kati ya Wahindu na Waislamu. Alisoma Allahabad, kisha akavuka bahari akaingia Selwyn College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1926 aliingia katika Utumishi wa Serikali ya Bara Hindi, daraja ambayo Waingereza walijiwekea wenyewe kwa miaka mingi, na wenyeji waliokubaliwa walikuwa wa kuhesabika. Akapelekwa Punjab. Huko akafanya kazi ya serikali na ya uhakimu, hata mwaka 1946 akawa jaji katika Mahakama Kuu ya Lahore.

Mwezi wa Agosti mwaka 1947 Waingereza wakaiacha Bara Hindi, na nchi ikagawanyika mbili, India na Pakistan. Mpaka ulipita katikati ya Punjab. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, Waislamu wakielekea huku na Wahindu na Masingasinga wakielekea kule, na mamia ya maelfu wakauawa njiani na majumbani mwao. Lahore ikawa upande wa Pakistan. Cornelius hakuwa Mwislamu, tena angeweza kwenda India au Ulaya. Akachagua kubaki katika nchi mpya akaitumikie.

Nchi ile ilianza na upungufu wa kila kitu, wa fedha, wa ofisi, hata wa karatasi. Katika shida kama hiyo nani angefikiri habari za michezo? Lakini Cornelius aliona kwamba watu waliotoka katika damu na moto walihitaji jambo la kufurahia pamoja. Zamani wachezaji wa kriketi wa Lahore na Karachi walikuwa chini ya chama cha Bara Hindi nzima. Sasa hawakuwa na chama, wala mashindano yaliyotengenezwa, na baadhi ya wachezaji hodari wamehamia India. Basi tarehe 1 Mei 1949 chama cha kriketi cha Pakistan kikaundwa. Cheo cha kwanza walipewa wakubwa wa serikali, kama ilivyo desturi mahali pengi. Cornelius akawa makamu, tena mwenyekiti wa kamati ya kazi. Maana yake ni kwamba wengine walipata heshima naye akapata taabu. Baada ya kushinda mchana mahakamani, ilimbidi kuandika barua, kuomba fedha, na kupatanisha watu wa Lahore na watu wa Karachi, ambao hawakupendana sana.

Jambo lililomsumbua zaidi ni hili. Nchi za kriketi zilikuwa na baraza lao London, na asiye mjumbe wa baraza lile hakuhesabiwa kuwa taifa katika mchezo. Pakistan ilikuwa nje. Mwaka 1951 chama cha M.C.C. cha London kikapeleka wachezaji Pakistan, na kila mtu alijua kwamba huo ndio mtihani. Mchezo mkubwa ulifanyika Karachi. Nahodha wa Pakistan alikuwa Abdul Hafeez Kardar, aliyesoma Oxford. Mmojawapo wa wachezaji wake alikuwa kijana aliyekuwa bado mwanafunzi wa skuli, jina lake Hanif Mohammad. Kijana huyo alisimama mbele ya vijiti vyake saa nyingi, asitamani kupiga kwa sifa, akapata mbio 64. Pakistan ikashinda. Mwezi wa Julai mwaka 1952 baraza la London likaikubali, na mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, ikaishinda India katika mji wa Lucknow.

Cornelius hakuridhika na kushinda mara moja. Alijua wachezaji wazima huchakaa, naye akawatazama watoto. Akaanzisha mpango wa kuwapeleka vijana Uingereza wakati wa kiangazi, wajifunze kucheza juu ya majani na katika baridi na mvua, wao waliozoea mikeka na jua. Kundi lile liliitwa Eaglets, maana yake makinda ya tai. Mwaka 1953 akaacha kazi yake katika chama. Mwaka uliofuata Pakistan ilikwenda Uingereza kwa mara ya kwanza. Watu wengi walidhani ni wanafunzi tu waliokuja kufundishwa. Mchezo wa mwisho ulikuwa Oval, London, mwezi wa Agosti 1954. Waingereza walihitaji mbio 168 ili washinde. Walifika 109, na wawili tu wametoka. Ndipo Fazal Mahmood, aliyekuwa mtu wa polisi katika Lahore, akaanza kuviangusha vijiti kimoja baada ya kingine, na Waingereza wakaishia mbio 143. Pakistan ilikuwa imeshinda kwa mbio 24, na haikuwako nchi nyingine iliyowahi kushinda mchezo mkubwa Uingereza katika safari yake ya kwanza.

Wakati watu wangali wakishangilia, neno kubwa lilitokea katika serikali. Pakistan ilikuwa na Bunge lililopewa kazi ya kutunga Katiba. Tarehe 24 Oktoba 1954 Gavana Mkuu, Ghulam Muhammad, alilivunja Bunge lile kwa amri yake mwenyewe. Rais wa Bunge, Tamizuddin Khan, akataka kushitaki. Husimuliwa kwamba nyumba yake ilizungukwa na walinzi, naye akatoka kwa siri amejifunika kama mwanamke, akaenda mpaka mahakama ya Karachi. Mahakama ile ikasema ana haki. Serikali ikakata rufani, na shauri likafika mbele ya majaji watano wa Mahakama ya Shirikisho, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Cornelius alikuwa mmoja wa watano hao.

Fikirini hali yake. Yeye ni Mkristo katika nchi ya Waislamu, hana kabila la kumtetea wala chama cha siasa nyuma yake. Mwenye kushitakiwa ni Serikali iliyompa kazi. Jaji Mkuu, Muhammad Munir, na majaji watatu wengine wamekubaliana. Wao walisema kwamba sheria iliyoipa mahakama ya Karachi uwezo wa kutoa amri ile haikutiwa sahihi na Gavana Mkuu, basi si sheria, na shauri lote limeanguka. Ilikuwa njia nyembamba ya kupitia, wala hawakujibu kama Gavana alikuwa na haki ya kulivunja Bunge au hakuwa nayo. Kama Cornelius angekaa kimya, hakuna ambaye angemlaumu.

Hakukaa kimya. Tarehe 21 Machi 1955 hukumu ilipotolewa, wanne walikuwa upande mmoja, naye peke yake upande wa pili. Aliandika kwamba Bunge lile lilipewa mamlaka yote ya kutunga Katiba, na sheria zake za Katiba hazikuhitaji sahihi ya mtu mwingine ili zipate nguvu. Wala Gavana Mkuu hakuwa juu yake, bali chini ya sheria kama watu wote. Hukumu ya mmoja haina nguvu mbele ya hukumu ya wanne. Bunge halikurudi. Tamizuddin akashindwa. Lakini karatasi ile ilibaki katika vitabu vya mahakama, na wanafunzi wa sheria wa Pakistan wameendelea kuisoma.

Kilichofuata ndicho ambacho watu wenye busara walikiogopa. Mtawala akiisha kuona kwamba amri yake yaweza kuvunja Bunge, wa pili huona rahisi zaidi. Mwaka 1958 jeshi likatwaa serikali, na Mahakama ikakubali tena. Safari hii Cornelius hakukataa matokeo ya hukumu, ila aliandika kwa kujitenga kwamba haki zilizo za mwanadamu kwa asili hazifutwi kwa amri ya mtawala. Mwaka 1960 yeye mwenyewe akawa Jaji Mkuu wa Pakistan. Mwaka 1964 serikali ya Jemadari Ayub Khan ilipiga marufuku Jamaat-i-Islami, chama cha Waislamu kilichotaka nchi itawaliwe kwa sheria ya dini yao. Mahakama Kuu kabisa ya nchi, Cornelius akiwa mkubwa wake, ikaamua kwamba chama kilifungwa bila kupewa nafasi ya kujitetea, na amri ile ni batili. Hivyo Waislamu wale walipata haki yao katika mahakama ya Mkristo, na kwa mtu aliyemjua Cornelius hilo halikuwa ajabu.

Miaka ile ile, toka 1960 hata 1963, alirudishwa kukiongoza chama cha kriketi. Mara hii hakuvuna sana. Mwaka 1962 wachezaji walikwenda Uingereza chini ya nahodha wa miaka 24, wakacheza michezo mikubwa mitano, wakashindwa minne. Yafaa jambo hilo lisemwe, kwa sababu habari za watu mashuhuri mara nyingi husimuliwa kana kwamba kila walichokigusa kilikuwa dhahabu.

Liko na lingine lililowahuzunisha baadhi ya waliompenda. Aliacha ujaji mwaka 1968. Mwaka uliofuata jeshi likashika serikali mara ya pili, chini ya Jemadari Yahya Khan, na Cornelius akakubali kuwa waziri wa sheria wake. Labda alitumaini kuwasaidia askari warudi katika njia ya Katiba. Hawakurudi. Mwaka 1971 vita vikatokea, na upande wa mashariki wa nchi ukajitenga, ukawa Bangladesh. Mtu aliyesimama peke yake mwaka 1955 alikuwa sasa kazini kwa mtawala asiyechaguliwa na mtu, na si rahisi kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa na fahari. Majaji wengi walijenga nyumba kubwa. Yeye hakuwa na nyumba ya kwake. Alikaa katika Hoteli ya Faletti's huko Lahore kiasi cha miaka arobaini, katika chumba cha kawaida chenye vitabu vyake, na gari lake la zamani aina ya Wolseley likakaa nje chini ya miti. Hapo vijana wa sheria walimwendea kumwuliza maneno.

Alifariki Lahore tarehe 21 Desemba 1991, mwenye umri wa miaka 88, akazikwa katika makaburi ya Wakristo ya mji ule. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Machi 1992, wachezaji wa Pakistan walitwaa Kombe la Dunia katika mji wa Melbourne, Australia, kwa kuwashinda Waingereza kwa mbio 22. Nahodha wao, Imran Khan, alikuwa mzaliwa wa Lahore.